Mguu Juu ya Kifuniko

Siku tulipomzika mama-mkwe wangu jua lilikuwa kali, na tuliporudi nyumbani mtu wa kwanza kufungua mdomo alikuwa wifi yangu Ngoie. Hakulia. Aliuliza: "Ile waya ya miguu, nani atabakia nayo?" Wanawake waliokaa kwenye mikeka wakaangalia chini. Nikajibu kabla mtu mwingine hajafikiri: "Minyi," yaani mimi. Nilijibu kwa sauti ya ugomvi. Ndivyo ninavyojibu mambo mengi, mume wangu atakuambia, na watoto wangu watakuambia hata usipowauliza. Lakini siku hiyo nilikuwa na haki. Kama kuna mtu katika nyumba hii aliyeilipia ile waya kwa tumbo lake, ni mimi, na ninataka kueleza mwaka ule ulivyokuwa, kwa sababu tangu afe watu wanamsifu mama kama vile alikuwa malaika wa kanisani. Hakuwa malaika. Alinidanganya, na mtoto wangu yuko hai.

Nyumba yetu iko katika kambi ya reli, hapa Kamina, zile nyumba za matofali zinazofanana zote. Nyuma kuna jiko la nje, kuta tatu na bati, na chini ya bati inapita waya kutoka msumari mpaka msumari. Juu ya waya ile ilining'inia miguu ya wanyama: ukwato wa swala, kiganja cha kima, kucha za nungunungu. Mgeni akiingia mara ya kwanza anafikiri amefika kwa mganga. Amefika kwa mpishi. Mama Monga, ndivyo watu walivyomwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza ambaye ndiye mume wangu, alipika nyama ya pori na kuuza sahani kwa watu wa reli, madereva wa treni, watu wa breki, wale wanaongoja treni tangu juzi na hawajui itakuja lini. Na watu wa reli wanatoka pande zote, kila mmoja amekuja na kijila chake, yaani nyama ambayo ukoo wake au hali yake inamkataza. Fundi mmoja wa mashine hakula nungunungu, ukoo wake haumgusi. Mlinzi wa ghala hakula kima, alisema ana mikono ya mtu. Sasa nyama ikishakaushwa kwa moshi na kukatwa vipande na kuingia katika mchuzi wa kalanga, nani atajua ni nini? Na kumuuliza mpishi "hii ni nini?" ni kumtukana, ni kama unamwambia anaweza kukulisha mbwa. Kwa hiyo Mama Monga alichukua mguu wa mnyama aliyekuwa ndani ya sufuria, akauweka juu ya kifuniko. Watu walipita, wakaangalia kifuniko, wakakaa au wakaendelea na njia. Hakuna aliyeuliza. Baadaye mguu ulitundikwa kwenye waya, ukakaa pale wiki na wiki, ili mtu akirudi kusema "mama, ulinilisha kijila changu, ona nimevimba," aonyeshwe.

Mimi nilitoka Kaniama, kwenye mahindi na ng'ombe. Nyama ya pori niliijua kwa jina tu. Nilifika katika nyumba ile mwaka niliopata diploma ya serikali, na nilikuwa na majivuno yangu, sikatai. Mama Monga aliishika diploma kwa ncha za vidole, akaisoma yote mpaka muhuri, akanirudishia. "Ni nzuri," akasema. "Utaipikia na mafuta gani?" Ngoie alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake nilipewa nsenji, yule panya mkubwa wa majani, na wembe, na moto wa majani makavu, nimuunguze manyoya na kumparua ngozi mpaka awe mweupe kama mtoto. Nilipitiliza moto. Ngozi ikapasuka. "Kwenu munakulaka nyama na koti?" mama akauliza. Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Kwamba nyama ya moshi unailaza katika maji ya moto yenye chumvi, unaisugua mpaka masizi yote yatoke, na yale maji ya kwanza unayamwaga mbali, si karibu na mlango. Kwamba nungunungu unammwagia maji yanayochemka ndipo unamvuta miiba, ukimvuta akiwa mkavu atakulipiza vidole. Kwamba kima unampika peke yake, na kichwa chake unakifunika kwa majani kwa sababu hutaki kuangaliana naye. Mume wangu Monga alikuwa na kikosi cha kutengeneza njia upande wa Kabongo, alirudi nyumbani kama mgeni, akala, akalala, akaenda. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza wa ndoa niliolewa na mama yake.

Jirani yetu wa upande wa pili wa uzio alikuwa Mama Zaina, mke wa mfanyabiashara, watu wa Maniema, Waislamu. Mama Zaina hakula kitu chochote kutoka katika sufuria zetu, hata sombe, majani ya muhogo, lakini kila siku alikuja kusimama penye uzio na kuangalia kifuniko. "Leo ni nani?" aliuliza. Mama Monga alijibu: "Leo ni kabuluku. Karibu, Mama Zaina." "Alichinjwa?" "Alipigwa na waya ya mutego." "Basi mumusalimie." Wakacheka wote wawili. Maneno yaleyale kila siku, na kila siku walicheka kama ni mara ya kwanza. Mimi nilikaa pale na sufuria katikati ya magoti, nikifikiri kwamba wanawake hawa wazee hawana haya.

Halafu nikashika mimba, na sufuria zote za dunia zikanigeukia. Nilitapika bukari, ule ugali wetu, nilitapika maharagwe, harufu tu ya samaki wakavu wa Kabondo-Dianda ilinipeleka mbio nyuma ya choo. Mama Monga alinikataza ngulungu tangu siku ya kwanza, hilo halikuhitaji mjadala. Ngulungu ni swala mwenye madoa meupe, na mwanamke mwenye mimba hamli, mtoto atatoka na ngozi ya madoa, na vibaya zaidi atakuwa anashtuka na kurusha miguu, degedege mpaka imchukue. Usinicheke. Nilikuwa nimesoma biolojia, niliweza kuchora moyo na mishipa yake yote ubaoni, na niliamini kabisa. Ukiwa na mtoto ndani yako huchagui cha kuamini, unaamini vyote, kwa usalama.

Mwezi ule mvua ilikata njia ya reli mahali, treni hazikufika, soko likakauka. Nikaanguka kitandani, siinuki. Muuguzi alinivuta kope la chini, akasema damu imeshuka vibaya, nile nyama, la sivyo mimi na mtoto tutaenda pamoja. Alisema hivyo mbele yangu, kama anaongea na ukuta. Nyama gani? Ng'ombe hakukuwa. Mbuzi, hatukuwa na uwezo wake. Nilikuwa nimelala katika chumba cha kwanza, kuta za nyumba zile hazifiki mpaka bati, na mchana mmoja nikawasikia Mama Monga na Ngoie upande wa pili.

"Mama, huyu wa Kaniama atatuletea maneno," Ngoie akasema. "Umurudishe kwabo. Kama anakufa, akufie kwa mama yake."

"Funga kinywa."

"Minyi nasema tu."

"Nimekuambia ufunge kinywa. Leta kisu."

Baada ya muda mama akaingia na sufuria ndogo, ile ya watoto, na juu ya kifuniko mguu wa kabuluku, mwembamba kama kidole changu. Kabuluku ni swala mdogo asiye na doa hata moja, kila mwenye mimba anaruhusiwa. Nilikumbuka baadaye kwamba ule mguu ulikuwa mkavu kama kijiti, lakini siku ile nilisikia harufu ya kalanga na pilipili, na kwa mara ya kwanza tumbo halikugoma. Nilikula. Nilikula na vidole, nikanywa mchuzi kwenye sufuria. Mama alisimama mlangoni na hakusema "kula polepole" kama kawaida yake. Kesho yake akaleta tena, na keshokutwa, kila mara na ule mguu juu. Sikutapika. Nikaanza kukaa kitako. Nikaanza kusimama.

Siku niliyotoka mpaka jikoni, nikishika ukuta, nikainua macho kwenye waya. Kulikuwa na mguu mpya, mkubwa kuliko wote, na juu ya ukwato manyoya meupe. Ngoie alikuwa anaosha sahani.

"Ile ya nani?"

"Ngulungu. Ile ya wiki iliyopita. Kuna muntu wa baiskeli aliileta, ni nyama moya tu iliyoingia kambi yote. Tulikula, tukauzisha, ikaisha." Akaniangalia. "Juu ya nini unaiangalia vile?"

"Na kabuluku?"

"Kabuluku gani? Hatuyapika kabuluku tangu mvua ilianza."

Mguu wa kabuluku ulikuwa palepale mwisho wa waya, umerudishwa. Yule mwanamke ambaye wanaume wa reli waliamini kifuniko chake kuliko maneno ya wake zao, aliweka uongo mmoja tu katika maisha yake, na aliuweka juu ya sufuria yangu. Na mimi nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwamba natakiwa nirudishwe kwetu. Hesabu ikakaa sawasawa kichwani. Mtoto akitoka na madoa, au akianza kurusha miguu, kila mtu atasema: alikula kijila, ni mwanamke mbaya, arudi Kaniama. Wangenifukuza kwa mkono safi.

Sikusema kitu. Wanaonijua leo hawaamini kwamba mimi niliwahi kunyamaza, lakini nilinyamaza mpaka nikajifungua. Ningesema nini? Nikimwambia Monga, atamuuliza mama yake, na mama atasema nina homa. Nikiwaambia wanawake, basi nimewapa macho ya kumchunguza mtoto kabla hajazaliwa. Niliacha tu kula chakula cha mama. Nilipika bukari yangu na lengalenga yangu, mchicha tu, nikala nimemgeuzia mgongo, na alipoweka sahani mbele yangu niliisukuma. Aliiondoa. Hasira yangu ilikuwa nzito kuliko tumbo. Mama Zaina, ambaye alikuwa na macho, alianza kunipitishia nyama ya mbuzi juu ya uzio kila walipochinja. "Kula, binti yangu," akasema. "Ya kwetu haina mguu wa kuonyesha, inatosha jina la Mungu lilitajwa." Nikala, nikalia, naye akajifanya anaangalia nguo zake kwenye kamba. Na kila mtoto alipopiga teke tumboni, mimi nilihesabu: hili teke ni la mtu, au hili ni la ngulungu?

Nilijifungua asubuhi, hospitalini. Msichana. Nilikuwa sijamwona vizuri, mkunga alikuwa bado ananishughulikia, na Mama Monga akamchukua mtoto, akampeleka dirishani penye mwanga. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sitasahau. Alimfunua kitenge chote. Akamgeuza tumbo, akamgeuza mgongo. Akamwangalia nyuma ya masikio, akampanua vidole vya miguu kimoja kimoja, akamnyanyua mikono akatazama kwapani. Hakuna bibi anayemwangalia mjukuu namna ile. Ndivyo mtu asiyemwamini muuzaji anavyokagua nyama sokoni. Alikuwa anatafuta kile kile nilichokuwa ninakitafuta mimi.

Ghafla mikono yake ikasimama. Alikuwa ameona kitu kwenye makalio ya mtoto.

"Nini?" nikapiga kelele. "Mama, ni nini?"

Mkunga akaniacha, akaenda kwao dirishani, akainama. Kulikuwa na baka, la rangi ya buluu, kubwa kama kifuniko cha chupa. Mimi nililiona kutoka kitandani.

"Hii?" mkunga akasema. "Batoto betu mingi banazalikaka nayo. Itaenda yenyewe. Mupeleke kwa mama yake, anasikia baridi."

"Haiko doa?" Mama Monga akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuijua.

"Mama, minyi niko mukunga. Doa mutaona kwa nguo yake kesho."

Mama Monga akakaa kwenye kiti cha chuma, mtoto mikononi, na akaanza kulia. Alilia kama mtu aliyetua mzigo ambao wengine hawakujua anaubeba. Na mimi, nilivyokuwa na hasira ya miezi yote ile, nilianza kucheka. Sikuweza kujizuia. Ilitoka tu, kicheko na machozi pamoja, mpaka mkunga akasema tumwogope Mungu, kuna wenzetu wamelala. Mwili wangu wote ulilegea. Sijawahi kulegea namna ile tena, hata kwa watoto waliofuata.

Lakini sikumsamehe pale. Tulipofika nyumbani nilingoja Ngoie aende kisimani, nikamwambia: "Ulinidanganya."

"Ndiyo," akasema. Alikuwa anamwosha mtoto kwenye beseni na hakuinua kichwa. "Nilikudanganya."

"Ulitaka niharibikiwe. Nilikusikia na Ngoie."

"Ulisikia Ngoie. Minyi ulinisikia nikisema nini? Nilisema alete kisu." Akamwagia mtoto maji mgongoni. "Ulikuwa unakufa, mwana. Nyama ilikuwa moya tu. Ningekuambia ni ngulungu, ungekula?"

Nilichukua kitenge cha mtoto, nikaanza kukikunja.

"Ungekula?"

"Hapana."

"Njo vile, ndiyo hivyo."

"Ungeniambia nyuma, nikishakula! Miezi yote nilikuwa nahesabu mateke!"

"Ningekuambia, ungeitapika. Na kama haungeitapika, tungekuwa babili ba kuogopa." Sasa akaniangalia. "Minyi nilibeba mimba saba. Ngulungu sikuigusa hata siku moya, hata na njaa ya kukufa. Naamini kijila kile kuliko weye. Unazani nililala, ile miezi? Nilisema, kama mutoto atatoka na madoa, ni yangu. Nitasimama mbele ya bantu, nitasema: haiko yeye, ni minyi niliweka mguu ya uongo. Nilikuwa tayari."

Nilitaka kuendelea na ugomvi. Nilikuwa na maneno mengi, niliyapanga tangu zamani. Lakini mama akamfunga mtoto, akanipa, akaenda jikoni. Nilimwona anashusha ule mguu wa kabuluku kutoka kwenye waya na kuutupa kwenye mbabula, juu ya makaa. Tangu siku ile hatukuwahi kulisema tena jambo lile, na nilianza tena kula katika sufuria yake. Nilikula sana. Nilinenepa mpaka Monga, aliporudi kutoka Kabongo, akauliza kama amekosea nyumba.

Nimelifikiria miaka yote hii na bado linanikasirisha. Alikuwa na haki, na hakuwa na haki. Nisingekula, hilo nalijua. Lakini hofu ile ilikuwa yangu, na mwanamke mwingine aliamua jinsi nitakavyoibeba bila kuniuliza. Ndiyo maana nilisema "Minyi" siku ya matanga, kwa sababu Ngoie akiishika ile waya najua atakavyofanya. Na sikukosea. Siku iliyofuata mazishi ndugu walileta nyama kutoka upande wa Kabondo-Dianda, kubwa, ya moshi, na mguu wenye manyoya meupe. Katika chumba kile kile cha kwanza alikuwa amelala Chantal, mke wa shemeji yangu mdogo, mimba yake ya kwanza, midomo myeupe, hali kitu tangu msiba uanze. Muuguzi alikuwa amemvuta kope, akasema yale yale wanayosemaga. Ngoie akanisogelea jikoni, akanyoosha kidevu kuelekea kwenye waya, kwenye mguu wa kabuluku wa mwezi uliopita. "Weka kale kadogo," akanong'ona. "Kama mama alikufanyia. Ulizani sikujuaka?"

Nilimwambia anipishe. Nilipakua katika sufuria ndogo, nikaweka juu ya kifuniko mguu wa ngulungu, ule mkubwa, na manyoya yake meupe yote, nikaiingiza sufuria chumbani, nikaiweka chini mbele ya Chantal. Akaona, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Yaya, dada yangu, ile ni..."

"Ni ngulungu. Hakuna ingine. Mama aliyelala kule makaburini alinilisha hii niko na mimba ya kwanza, akaniambia ni kabuluku. Weye sikudanganyi. Unaweza kukula, unaweza kuacha, lakini unajua. Na kama unataka kuona mutoto aliyetoka mule, angalia pale inje."

Mlango ulikuwa wazi. Uani binti yangu, aliye darasa la tano sasa, alikuwa anaruka kamba na wajukuu wa Mama Zaina, vumbi mpaka magotini, anaruka juu, anaruka bila kuchoka. Chantal alimwangalia muda mrefu.

"Anarukaka vile tangu zamani?" akauliza.

"Kila siku. Hatulali."

"Njo maana. Ni ile ngulungu."

Nikamwangalia. Alikuwa na uso mzito kabisa, kisha pembe ya mdomo ikamponyoka, na mimi nikacheka, kicheko kile kile cha hospitali, mpaka wanawake wa kwenye mikeka wakageuka kuona nani anacheka kwenye matanga. Chantal akaushika mguu kwa vidole viwili, akauweka kando, chini, kwa heshima kama mtu anayemsogeza mzee. Akafunua kifuniko. Mvuke ukampanda usoni, na hakugeuza kichwa.